Mkono Chini ya Mgongo: Maisha ya Sista Mejumaa Tsuma, 1974–2025

Ndugu waombolezaji, bwana mchungaji, wauguzi mliokuja na sare zenu, wazee wetu mliotoka Mazeras alfajiri, na wenyeji wa Kibokoni mliotufungulia milango yenu tangu Jumanne, nawasalimu nyote, Bwana asifiwe kwa wanaoitikia hivyo, na asalaam aleikum kwa wenye baraza hii tuliyoikalia. Mimi naitwa Ngala Tsuma, ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo kule Kilindini, na ni ndugu yake marehemu anayemfuata kwa miaka mitatu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia yake, kazi ambayo yeye mwenyewe angempa mtu mwenye sauti nzuri zaidi. Kamati ya mazishi imenikabidhi utaratibu, kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo, tena imeniomba nimalize kabla ya adhana ya alasiri ili msafara wa Mazeras usichelewe, nami nitajitahidi, ila naomba radhi mapema, kwa kuwa dada yangu aliishi akiuliza swali moja, na sijui namna ya kuyasimulia maisha yake nikaliruka. Alikuwa akiuliza hivi, sisi wauguzi tukibadilisha namna tunavyofanya kazi, tukapewa semina na chati na vyeti, je, mgonjwa ndiye anayepata nafuu, au ni sisi?

Cynthia Mejumaa Tsuma alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Juni 1974, huko Mazeras, akiwa kifungua mimba wa marehemu mzee Tsuma Mung'aro na marehemu mama yetu Sidi, na jina la Mejumaa alilipata kwa sababu ya siku hiyo, Cynthia likaja na ubatizo, na kazini wakamwita Sista, kwa hivyo Mejumaa likabaki jina la sisi wa nyumbani na la watu wa mtaa huu ambao nao ni wa nyumbani. Baba alikuwa kuli bandarini, na mwaka 1978 alituleta kisiwani tukapanga chumba Majengo, na huko ndiko nilikomjua dada yangu kwa tabia ile ambayo haikumtoka hadi mwisho, kwamba hakukubali kuambiwa jambo liko sawa mpaka alione. Mama alikuwa akisema mtoto huyu hawezi kuambiwa wali umeiva mpaka afunue sufuria, na wali wetu mwingi uliharibika kwa kufunuliwafunuliwa, tukaula hivyo hivyo, na tulipolalamika yeye alituambia angalau sasa tunajua.

Alianza shule ya msingi Majengo mwaka 1981 na kumaliza darasa la nane mwaka 1988, akaendelea na shule ya upili ya wasichana huko Kaloleni kuanzia 1989 hadi 1992, kisha akakaa nyumbani mwaka mmoja akimsaidia mama kuuza maharagwe na mahamri, na Januari 1994 akajiunga na chuo cha uuguzi hapa kisiwani, alikohitimu stashahada yake Novemba 1997. Hapo katikati ya masomo lilitokea jambo ambalo bila hilo huenda angekuwa muuguzi kama wauguzi wengine wema, akafanya kazi yake, akastaafu, akalima mihogo.

Mwezi wa Julai 1996 mama alianguka kwa kiharusi akiwa anafua, akalazwa katika hospitali ambayo familia imeniagiza nisiitaje na sitaitaja, na humo alilala mpaka tarehe 9 Oktoba 1996 alipofariki, na cheti kikaandikwa kiharusi. Mejumaa alikuwa mazoezini Malindi, akaja siku moja kabla ya mazishi, akakuta wanawake wa ukoo wako chumbani wanamaliza kumwosha mama, wakiongozwa na shangazi yetu Mbodze, ambaye tunamshukuru Mungu yuko nasi leo, ameketi pale mbele. Wengi wenu mnakumbuka jinsi shangazi alivyotoka katika chumba kile amejiziba mdomo kwa leso, akapita katikati ya watu, na Mejumaa akamfuata uani kumuuliza ameona nini. Shangazi akasema ni mgongo, Mejumaa akamuuliza kidonda kina ukubwa gani, na shangazi akanyoosha mkono, akafungua kiganja chake chote.

Mama hakuuawa na kiharusi, ndugu zangu, kiharusi kilimlaza tu, kilichomuua ni kitanda, kwa sababu alilala chali wiki baada ya wiki bila kugeuzwa, ngozi ikafa, kidonda kikaingia hadi mfupani, na damu ikachafuka. Katika wadi ile hakuwamo mtu mwovu, dada yangu alilisema hilo kila mara na leo nalisema kwa niaba yake ingawa mimi binafsi ilinichukua miaka mingi kulikubali, walikuwemo wauguzi wachache na wagonjwa tele, na kila aliyepita alidhani mwenzake amekwisha kumgeuza. Mejumaa hakulia katika mazishi yale, jambo lililowaudhi baadhi ya wazee, alikaa akikitazama kiganja chake mwenyewe, na kuanzia hapo, alipotuambia anataka kuwa muuguzi mzuri, tulijua anataka nini hasa, anataka mtu aweze kulala hospitalini kwa muda mrefu kisha atoke, akiwa hai au akiwa maiti, na mgongo wake mzima.

Aliajiriwa tarehe 2 Machi 1998 katika hospitali moja ya hapa kisiwani, akapangiwa wadi ya wanawake, na humo alifanya kazi miaka mingi bila ya jina lake kutajwa popote, mpaka mwaka 2013 ulipokuja mradi wa kuboresha huduma za uuguzi. Walikuja wageni na chati za rangi, na semina zenye chai na sambusa, na lengo likawa kwamba kila mgonjwa asiyejiweza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili vidonda vya kulalia vipungue, na dada yangu akapewa kuuongoza mradi huo wadini. Nadhani sijapata kumwona na furaha kama ile, alikuja hadi Kilindini mchana kuniambia, akanikuta nimezingirwa na madereva wanaogombania foleni, akanieleza juu ya migongo ya wanawake mbele ya wanaume wale wote, nao wakaiacha foleni yao wakamsikiliza.

Shuka za wadi zilikuwa chache, na watu wetu hawaendi hospitalini bila leso, basi akabuni utaratibu wake mwenyewe, kwamba jamaa za mgonjwa walete doti moja, leso ya kwanza ikunjwe iwekwe chini ya mgonjwa, ili wauguzi wawili waishike na kumgeuza bila kumkwaruza ngozi, na ya pili imfunike miguu, upande wenye maandishi ukielekezwa kule anakotazama mgonjwa, dirishani au ukutani. Kwa namna hiyo aliyesimama mlangoni aliweza kuona kwa mara moja ni nani analala upande gani, na ni nani aliyepitwa na saa yake, bila kusoma chati wala kumwamsha mtu. Mimi niliiona wadi ile kwa macho yangu, vitanda vimejipanga na kila mgonjwa ana maneno yake miguuni, huyu leso yake inasema wivu hauna dawa, yule inasema mwenye yake haazimi, na waliokuwa na nafuu wakitaniana kwa maneno hayo kutoka kitanda hadi kitanda, hata nikasahau nimekwenda kumtazama mgonjwa.

Chati nazo zikapendeza, vidonda vikashuka mwezi hadi mwezi mpaka vikakaribia kwisha, wageni wakapiga picha za leso, na ikatangazwa kwamba mwezi wa Aprili 2014 wadi ile ingepewa cheti cha heshima. Wiki moja kabla ya sherehe, Mejumaa alikuwa akimweka sawa bibi mmoja ambaye leso yake ilikuwa imegeuzwa kwa wakati tangu asubuhi, akaingiza mkono chini ya mgongo wake, akakuta joto na unyevu, na alipoutoa mkono akajua. Alisimama mlangoni siku ile akawatazama wenzake, akaona muuguzi anapita mbio, anageuza leso ya miguuni kwanza ili asisahau, anakwenda kumtafuta mwenziwe wa kumsaidia kumgeuza mgonjwa, njiani anaitwa kwingine, na anayekuja nyuma yake anaiona leso imegeuka, anashukuru, anapita, na jamaa za wagonjwa nao, kwa kuwapenda wauguzi na kutaka wasifiwe na wageni, wanaigeuza leso wenyewe saa ikifika. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini kugeuza leso ni kazi ya mkono mmoja, na kumgeuza mtu ni kazi ya watu wawili wenye migongo inayouma, na wadi nzima ilikuwa imeingia katika kugeuza leso.

Wengi walimshauri akae kimya mpaka cheti kitolewe, kisha wayarekebishe mambo ndani kwa ndani, na mimi nilikuwa miongoni mwao, nilimwambia mficha uchi hazai lakini na mwenye kuvua nguo sokoni naye hana akili. Tarehe 24 Aprili 2014, ukumbini, mbele ya wakubwa na wageni, alipoitwa kukipokea cheti alisema kwamba habari za leso ni nzuri, ila habari za migongo hatuzijui, akaomba migongo ikaguliwe kwanza. Ilikaguliwa kesho yake na wauguzi wa wadi nyingine, na vidonda vikaonekana kuwa karibu sawa na vile vya kabla ya mradi, basi cheti hakikutolewa, wageni wakaondoka na chati zao, na yeye mwezi uliofuata akahamishiwa kliniki ya chanjo, ambako alichoma watoto sindano kwa miaka miwili. Sitaki kulipaka rangi jambo hili, dada yangu aliumia, si kwa kuhamishwa, aliumia kwa sababu kwa miezi ile yote yeye mwenyewe alikuwa akisimama mlangoni akizitazama leso na kufurahi, yeye aliyekuwa hawezi kuuamini wali bila kufunua sufuria.

Wenzake wengine waliacha kumsalimia, na miongoni mwao alikuwa Sista Lamis, aliyezaliwa nyumba ya nne kutoka hapa tulipo, ambaye wakati huo alikuwa muuguzi mpya, na ameniruhusu kuyasema haya, kwamba yeye alikuwa mgeuzaji hodari wa leso na aliona ameaibishwa mbele ya watu. Walikuwa wakipishana katika uchochoro huu huu mwaka mzima bila ya neno, mpaka siku ya Idi, Bimdogo, mwenye nyumba hii, alipomwita Lamis kwa sauti kutoka dirishani apande juu, akawaketisha wote wawili mbele ya sinia moja la biriani, akawaambia, “Nyinyi mwanuniana hapa, na wagonjwa kule wawangoja nyote wawili, haya kuleni.” Walikula, Lamis akalia, na kabla sinia halijaondolewa walikuwa wameshaanza kubishana ni vipi mgonjwa ageuzwe kwelikweli.

Mwezi wa Juni 2016 uongozi ulibadilika, Mejumaa akarudishwa wadini, na yeye na Lamis wakaanza upya, safari hii bila wageni, bila chati ya rangi, wala sambusa. Leso zilibaki, ila kukawa na sharti moja juu yake, mkono kwanza, leso baadaye, yaani hakuna anayeigusa leso ya miguuni mpaka wauguzi wawili wawe wamemgeuza mgonjwa, wa kwanza ameupitisha mkono chini ya mgongo, na ametamka kwa sauti alichokikuta, ni mzima au ni mwekundu, na mwenziwe amesikia. Kila Ijumaa alikuja muuguzi wa wadi nyingine kuitazama migongo yote, kwa sababu Mejumaa alisema mtu hawezi kujipima joto kwa kiganja chake mwenyewe. Vidonda vikapungua tena, ila polepole, mwezi huu vinashuka, mwezi ule vinapanda kidogo, havikwisha kabisa, na hilo ndilo lililomfanya aanze kuamini kwamba safari hii ni kweli.

Alirudi shuleni mwaka 2017, akasoma jioni na mwisho wa wiki, akapata shahada yake ya uuguzi Desemba 2020, na kazi yake ya mwisho chuoni ilihusu swali lile lile, kama miradi hii ya kuboresha huduma humsaidia mgonjwa. Nilimuuliza amepata jibu gani, nikitarajia aseme ndiyo, naye akaniambia vidonda vilipungua, lakini katika muda ule ule wadi ilipata magodoro mapya na wauguzi watatu zaidi, kwa hivyo hawezi kuapa kwamba ni mkono na si godoro. Nilikasirika kwa niaba yake, nikamwambia miaka yote hii umetaabika halafu huwezi kuapa, sisi bandarini kontena likitoka limetoka, naye akanijibu ndiyo maana nyinyi hufungua kontena mkakuta mawe. Alichokuwa na hakika nacho alikisema kwa ufupi, aliyehesabu bila kugusa hajahesabu, na haya mengine tutaendelea kuyatafuta.

Kuhusu ndoa, Mejumaa alifunga pingu za maisha na Bwana Kazungu Kiti siku ya Jumamosi, tarehe 15 Desemba 2001, na mwaka 2004 wakahamia ghorofani kwa Bimdogo, wakadhani ni kwa muda tu, na sasa ni miaka ishirini na mmoja. Shemeji yangu ni dereva wa trela, hutoka Kilindini na kwenda hadi Kampala, na ni mtu wa maneno machache, ila jana aliniomba niseme kwamba kila alipotoka safari mkewe alimvua shati kabla ya kumpa chai, akaukagua mgongo wake kwa ajili ya kile kiti cha gari, na kwamba hajui sasa atafika nyumbani kwa nani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Griffins aliyezaliwa tarehe 8 Machi 2003, ambaye ni fundi wa umeme, na Beryl aliyezaliwa tarehe 30 Julai 2007, ambaye yuko kidato cha nne, na wote wawili walijifunza kumgeuza mgonjwa kabla ya kujifunza kupika, mgonjwa mwenyewe akiwa Bimdogo, alipovunjika nyonga mwaka 2018 akalazwa juu kule kwa miezi. Bimdogo alikuwa akilalamika hadi chini mtaani tukimsikia, “Mejumaa, wanigeuza kana chapati, na hata chapati hugeuzwa mara mbili ikaachwa ikapumua,” lakini leo Bimdogo amesimama mwenyewe kutugawia kahawa, na wenye macho wameona.

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Shinikizo la damu alilirithi kwa mama na alikuwa akilitibu, na siku ya Jumanne, tarehe 25 Februari 2025, alikwenda Biashara Street kuchagua doti kwa ajili ya mgonjwa mmoja asiyekuwa na jamaa, akiwa dukani mkono wake wa kulia ukalegea, leso ikamponyoka, akaanguka. Mwenye duka, Bwana Abdulhalim, alimdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu, akamtia ndani ya gari lake mwenyewe, akamfikisha hospitali ile ile aliyofanyia kazi Mejumaa, na siku ya pili akairudia ile doti aliyokuwa ameichagua, akampelekea kitandani. Maandishi yake yalisema siwajibu ninawatazama, na Bimdogo aliona si maneno ya kumfunika mgonjwa, lakini Kazungu akasema hayo hasa ndiyo maneno ya mke wake, basi akafunikwa nayo.

Upande wa kulia ulikufa, na usemi ukampotea, akabaki na macho na mkono wa kushoto, akalazwa katika wadi ile ile, katika kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Nitasema wazi tulichokuwa tukikihisi sisi wa familia, kwa sababu kukificha ni kumdhulumu, tulimwombea apone, ndiyo, lakini kila tulipokaa kando ya kitanda kile tuliliona lingine, tulikiona kiganja cha shangazi, tukahesabu kwamba ni kiharusi kile kile, ni kulala kule kule, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuuliza habari ya mgongo. Yeye hakuwa na namna ya kutuambia, na mimi, ambaye yeye alinifundisha kufunua kila sufuria, niliogopa kufunua.

Mwezi wa Aprili, tukiwa tumekaa naye asubuhi, alipita muuguzi kijana aliyeripoti kazini wiki ile, ameitwa huku na huku, akaigeuza leso ya miguuni kuelekea dirishani, akaondoka kumtafuta mwenzake. Mejumaa alikuwa bado anautazama ukuta, akaunyoosha mkono wake wa kushoto taratibu sana, akaikamata leso, akaivuta, akaivuta tena, mpaka akairudisha ilivyokuwa. Lamis aliyaona hayo kutoka mezani pake, akaja akacheka, kisha akalia, wakamgeuza yeye na kijana yule, mkono ukaingia chini, kijana akatamka kwa sauti, “Ni mzima, Sista,” na dada yangu akafumba macho. Kijana yule yuko hapa leo, nami namwambia asione haya, amefundishwa na mwalimu asiyekuwa na ulimi, na wachache wetu tuna bahati hiyo.

Alitimiza miaka hamsini na mmoja Jumamosi iliyopita, tukamletea keki ambayo hakuweza kuila, Jumapili akapata nimonia, kiharusi cha pili kikamjia Jumatatu, na Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, Kazungu akiwa amemshika mkono, akatutoka. Mikono yote ile haikumwokoa, na mtu asije akasema mbele yangu kwamba iliweza, dada yangu alikuwa bado anahitajika na watoto wake, na mimi nimebaki mkubwa wa nyumba nikiwa sitaki ukubwa huu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari waliomhudumia bila kutuficha hali yake, namshukuru Bwana Abdulhalim kwa mikono yake na gari lake, nawashukuru makuli na makarani wenzangu wa Kilindini, kanisa, na majirani wa Kibokoni ambao tangu Jumanne hawajaturuhusu kuwasha jiko, na Bimdogo. Wauguzi wa wadi ya wanawake, na wewe Lamis, shukrani yenu nimeibakiza mwisho, kwa sababu ina maelezo ambayo hayamo katika utaratibu niliopewa na kamati.

Jumatano wanawake walikwenda kumwosha, na shangazi Mbodze, pamoja na miaka yake themanini na magoti yake, alikataa mtu mwingine aongoze. Mimi na Kazungu tulisimama nje tukiutazama mlango, na shangazi alipotoka nilitafuta leso mdomoni mwake kwanza, haikuwapo, alikuja moja kwa moja hadi nilipo, akainua mikono yake yote miwili iliyokuwa bado na maji, akavifungua viganja mbele ya macho yangu, akasema, “Ngala, hakuna.” Nilimuuliza hakuna nini, nikitaka tu alitamke, naye akasema, “Hakuna hata doa, mwanangu, mgongo wa dada yako ni mzima wote.” Miezi karibu minne kitandani, ndugu zangu, na hapo ndipo nilipoketi chini, nikawalilia wote wawili, yeye na mama, kilio ambacho nilikuwa sijakilia tangu mwaka 1996.

Najua angesema nini kama angekuwa hapa, angesema mgonjwa mmoja si jibu, tena mgonjwa mwenyewe ni mwenzao, huenda walimgeuza zaidi kwa kumpenda, wewe Ngala unafungua kontena moja unaapa juu ya meli nzima, na angeuliza habari za aliyelala kitanda cha nne. Basi juzi Alhamisi Beryl alikwenda wadini kuichukua doti ya mama yake, akamkuta katika kitanda cha nne mama mmoja wa makamo aliyeokotwa barabarani, hajulikani jina, hana jamaa wala wa kumletea leso, yuko pale tangu mwezi wa Machi, na saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika. Lamis alimwambia Beryl ashike upande wa pili, wakamgeuza pamoja, Beryl akapitisha mkono chini ya mgongo wa mama yule hadi chini kabisa, ukatoka mkavu, kisha akaikunjua leso ya mama yake akamfunika miguu, maandishi yakielekea dirishani, akaja nyumbani mikono mitupu. Nilikuwa nimekaa ngazini nikiyaandika haya, akanipita, akarudi ngazi mbili, akaniambia, “Mjomba, na yule naye ni mzima.”

Pumzika kwa amani, Mejumaa, leo hakuna wa kuja kukugeuza, lala upande unaoupenda.